Siku Moja na Nondo wa Bustanini Masaka

Mwezi huu wa Novemba jua huchomoza hapa Masaka, Uganda, mnamo saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili huwa nimeshafika kwenye mtego, kabla ndege hawajaanza kuwadonoa nondo waliotua ukutani. Mtego wenyewe ni ndoo yenye faneli mdomoni na balbu ya urujuanimno juu yake. Nondo anayevutwa na mwanga huteleza ndani, akajibanza kwenye trei za mayai hadi kukuche.

Trei ya kwanza ina nondo aitwaye kisayansi Agrius convolvuli, ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Tumbo lake lina mapande ya waridi na meusi, na mrija wake wa kunyonyea ni mrefu kuliko mwili. Anatetemesha mbawa ili misuli ipate joto la kurukia, nami napiga picha upesi.

Saa moja hadi saa tatu ni zamu ya wadogo wa kahawia, ambao wageni wangu hawawatazami mara mbili, ingawa kwa maoni yangu ndio wenye habari. Miongoni mwao yumo Spodoptera frugiperda, kiwavijeshi mvamizi wa mahindi kutoka Amerika, aliyeripotiwa barani Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa Uganda mwaka 2017. Dume hutambulika kwa baka jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele. Jike hana alama hiyo, na kwa kuwa jamaa zake wa karibu wanafanana naye mno, pengine hutofautishwa kwa hadubini tu. Basi naandika «Spodoptera», naishia hapo.

Saa tatu nawaachia vichakani, mbali na mtego, mahali penye kivuli.

Mchana kazi ni chache. Saa tisa nanakili daftari kwenye kompyuta: tarehe, mvua, upepo, hali ya mwezi, aina ya balbu na saa ilizowaka, kwa sababu idadi ndogo usiku wa mbalamwezi haimaanishi kwamba nondo wamepungua.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nafunika balbu kwa kikinga mvua na kuiwasha. Ng'ambo ya pili wavunaji wa nsenene, panzi wanaoliwa, nao wanawasha taa zao kali juu ya mabati na mapipa. Jirani ananiuliza, «Mzee, mbona wewe unakamata wasiolika?» Sina jibu la kumridhisha, ila nsenene watakaopotelea kwenye ndoo yangu nitampelekea akaange.

Saa nne usiku nakagua ukuta kwa tochi, bila kuitazama balbu moja kwa moja kwani mwanga wake hudhuru macho. Kesho usiku sitaiwasha, ili niliowaachia wapate kula na kutaga badala ya kurudi ndooni na kuhesabiwa upya.