Misuli ya moyo haisubiri kupambazuke

Huku Tukuyu maumivu ya kifua ya usiku hupewa majina mengi kabla mtu hajautaja moyo. Baridi. Gesi. Vidonda vya tumbo. Baba yeye alisema ni kiungulia, akaomba chai ya tangawizi. Lakini jasho lilikuwa linamtiririka, mwezi wa saba, sisi wengine tumejifunika blanketi mbili mbili, na alisema maumivu yanapanda hadi kwenye taya.

Mama mdogo, muuguzi mstaafu, hakubishana naye. Alitoa kidonge cha aspirini cha miligramu 300. "Shemeji, kitafune, usikimeze kizima." Kikitafunwa kinaingia kwenye damu haraka, na kinazuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoigandisha, zisiendelee kushikamana pale mshipa ulipoziba. Alimuuliza kwanza kama amewahi kutapika damu au kama aspirini humdhuru. Muulizeni mgonjwa hivyo hivyo.

Kisha akasema hakuna kungoja asubuhi. Mshipa wa moyo ukiziba, misuli inayoutegemea huanza kufa baada ya kama nusu saa. Hufa kuanzia tabaka la ndani, halafu kifo kinasambaa kuelekea nje kwa saa kadhaa. Kwa hiyo saa nane za usiku bado kuna misuli ya kuokolewa. Saa mbili asubuhi huenda kimebaki kidogo sana. Na iliyokufa hairudi, panabaki kovu lisiloweza kusukuma damu.

Tuliazima Noah ya jirani. Kiwira, Isongole, ukungu mtupu, mpaka Uyole. Hospitalini Mbeya walimbandika kifuani nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, wakamtundikia streptokinase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Inaingia kwa muda wa saa nzima. Mwaka 1988 utafiti wa ISIS-2, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba aspirini pamoja na dawa hiyo vilipunguza vifo kwa asilimia 42. Kuzibua mshipa kwa puto dogo linaloingizwa ndani yake na kujazwa ni bora zaidi, ila kama huwezi kufikishwa kwenye puto ndani ya saa mbili, dawa itangulie. Ukiambiwa puto liko Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Hesabu wenyewe.

Sasa kazi iliyobaki ni vidonge, na hapa nampigania Baba kila siku. Anajisikia mzima, anapanda mteremko wa shamba la chai, anauliza enalapril ya nini wakati presha iko sawa. Namwambia: Baba, hiyo si ya presha tu. Sehemu yenye kovu huelekea kutanuka, moyo ukalegea, miguu ikavimba, pumzi ikakata. Enalapril inaupunguzia moyo mzigo ili usitanuke.

Kama una mzazi mwenye presha au kisukari, nenda wiki hii ukaulize kituo gani cha karibu kina ECG, nani ana streptokinase, na nani mtaani kwenu anaweza kuwasha gari saa nane za usiku. Namba yake iandike ukutani.