Obama wangu ni yule wa Springfield

Mimi ni mwandishi wa Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za vikao, katika bunge la kaunti, magharibi mwa Kenya. Kutwa nzima nina visikizi masikioni, nawasikiliza waheshimiwa wakigombania hoja ya nidhamu, narudisha sauti nyuma nijue nani hasa alimkatiza nani. Basi hadithi ya Obama inapoanza, na huku kwetu haina msimu, mimi huuliza habari za kiti chake cha kwanza. Wengi hujibu "useneta", wakimaanisha Washington. Kumbe kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, mmoja kati ya 59, mjini Springfield, makao makuu ya jimbo hilo, kilomita 320 hivi kutoka kwake Chicago. Alikuwa jirani zaidi wa MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, kuliko wa rais.

Namna alivyoingia, wanasiasa wetu wangeielewa bila kufafanuliwa. Alice Palmer, mwenye kiti, alikwenda kuwania Kongresi, bunge la taifa, akashindwa, akataka kukirudia kiti chake. Obama hakumpisha. Watu wake walizikagua fomu za wapinzani saini kwa saini. Zilihitajika saini halali 757 za wapiga kura, na wapinzani wote wanne, Palmer akiwemo, wakawa nje. Mchujo wa chama chake, Democrat, wa 1996 akasimama peke yake. Sheria ni sheria, sawa, ila jukwaani hakuna anayeisimulia sehemu hiyo.

Ikafuata miaka sita upande wa wachache. Republican ndio walioshika Seneti ya jimbo, na mswada wa mtu wa upinzani ulikuwa ukifia kwenye kamati kabla hata ya kusomwa. Akajifunza kupita kwa wengine. Mwaka 1998 alishirikiana na Kirk Dillard, Republican, kupitisha sheria ya kudhibiti zawadi kwa wanasiasa. Jioni alicheza karata za poka kwa dau dogo nyumbani kwa mwenzake Terry Link, pamoja na maseneta wa vyama vyote viwili. Mwaka 2000 haraka zikamponza: alimvaa mbunge Bobby Rush kuwania kiti chake cha Kongresi, akachapwa asilimia 61 kwa 30. Akarudi Springfield.

Kuna jambo moja la kiufundi linalonifurahisha mimi mtu wa kumbukumbu. Seneta wa Illinois ana vitufe vitatu: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha manjano "nipo". Kwa kuwa mswada unahitaji kura 30 kati ya wanachama wote 59, kusema "nipo" ni sawa na kuunyima kura. Obama alikibonyeza kile cha manjano zaidi ya mara mia moja, na wapinzani wakamsimanga nacho alipowania urais 2008. Kati ya kura kama 4,000, naona wamemwonea.

Uchaguzi wa 2002 ndio uliogeuza mambo. Democrat wakapata wingi, Emil Jones akawa rais wa Seneti, na Obama akaanza kukabidhiwa miswada mizito. Wenzake walionung'unika kwamba walilima wao akavuna yeye walikuwa na haki. Lakini ule wa kurekodi mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji aliutolea jasho. Illinois ilikuwa imegundua kwamba watu 13 waliohukumiwa kifo hawakuwa na hatia, huku waliouawa kwa kudungwa sindano tangu adhabu hiyo irejeshwe wakiwa 12. Polisi hawakutaka kamera. Waendesha mashtaka hawakutaka. Aliketi nao, akakubali kupunguza hapa na pale, sheria ikabaki kwenye kesi za mauaji tu, na kura zilipopigwa Seneti hakuna aliyeipinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kulazimisha jambo hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge. Ningetoa mshahara wa mwezi kusoma kumbukumbu za vile vikao vya pembeni, lakini vikao vya namna hiyo havina mwandishi, si huko wala huku.

Alipoondoka Novemba 2004, kiti alipewa Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul ndiye aliyeubeba Seneti mswada wa kufuta kabisa hukumu ya kifo, na Gavana Pat Quinn akautia saini Machi 2011. Sasa Raoul ni mwanasheria mkuu wa Illinois. Huyo naye, huku kwetu, hakuna anayemuulizia.