Ndoo Chini ya Sinki

Shangazi yangu alikuja kutoka Newala mwezi wa Julai kutibiwa macho, akakaa nasi hapa Mikindani wiki tano. Usiku wa pili alinigongea mlango saa nane. "Mwanangu, kuna maji yanakwenda huko jikoni na hakuna mtu," akaniambia. Nilimjibu kwa usingizi kwamba ni mashine ya kuchuja maji, ndivyo inavyofanya kazi, arudi kulala. Asubuhi nilipoingia jikoni kuteleka chai, nilikuta ameuchomoa mrija mweusi mwembamba uliokuwa ukiingia kwenye bomba la maji machafu chini ya sinki, ameuelekeza kwenye ndoo ya lita 20, na ndoo imejaa pomoni, inamwagikia sakafuni.

Yeye amekulia juu ya uwanda wa Makonde, enzi ambazo kina mama waliteremka mabondeni kutafuta chemchemi na kupanda tena na mtungi kichwani, na maji ya mvua yakikingwa yalitunzwa kama mtu anavyotunza mbegu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu haya ni maji ya nani, na kwa nini tunayamwaga. Nilikuwa nimeishi na mashine ile miezi saba bila kujiuliza hata mara moja.

Niseme kwanza kwa nini tuliinunua. Kisima chetu kiko uani, si mbali na ghuba, na maji yake ni ya chumvi kiasi ambacho mgeni hukitambua kwenye chai kabla ya sukari kukolea. Kwa kile kipimo kidogo cha umbo la kalamu, maji hayo yana miligramu 1,400 za chumvi na madini kwa lita moja. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yaliyo chini ya miligramu 600 huhesabiwa kuwa na ladha nzuri, na yanapozidi 1,000 huanza kukataliwa na wanywaji. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi, na chujio la mkaa wa kawaida haliiwezi pia. Ndipo tukashauriwa kununua mashine ya RO (kifupi cha Kiingereza cha "reverse osmosis", yaani kuyasukuma maji kinyumenyume kupitia utando unaozuia chumvi), ile yenye vichujio vitatu vilivyosimama, bomba moja lililolala juu yake lenye utando ndani, na tangi dogo la chuma pembeni.

Kazi ya utando ule inaeleweka vizuri kwa embe bichi. Ukilikata vipande ukalinyunyizia chumvi na kuliacha usiku kucha, asubuhi utakuta majimaji chini ya bakuli, kwa sababu maji huihama nyama ya embe na kuifuata chumvi. Huo ndio mwendo wa asili wa maji: hutoka penye chumvi kidogo yakaenda penye chumvi nyingi. Mashine ya RO huyalazimisha kurudi kinyumenyume, yatoke penye chumvi yapite kwenye utando yakiwa matamu, na kulazimisha huko kunahitaji msukumo. Kwa maji kama ya kisima chetu, msukumo wa karibu bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo) huishia kushindana na chumvi tu kabla tone moja halijavuka, na mashine nyingi za nyumbani huhitaji bar 3 au zaidi ili zifanye kazi ipasavyo.

Sasa tazama simtanki yetu. Imekaa juu ya mnara wa zege wa mita 4. Maji yanayoshuka kutoka urefu wa mita 10 hutoa msukumo wa takribani bar 1, kwa hiyo yetu hutoa 0.4 tu, pungufu hata ya ule unaohitajika kushindana na chumvi. Aliyetuuzia mashine hakuuliza maji yetu yanatoka wapi wala mnara una urefu gani. Siku ya kwanza koki ya maji safi haikutoa kitu, huku mrija mweusi ukitiririka vizuri kabisa, na ikabidi turudi dukani kununua pampu ndogo ya umeme ya kuongeza msukumo. Maji yalipoanza kutoka tulifurahi, na furaha ikatufumba macho.

Kwa kuwa swali la shangazi lilinikaa rohoni, Jumamosi hiyo nilifanya kile ambacho kila mwenye mashine hii angepaswa kukifanya siku ya kwanza: nilifungua koki ya maji safi juu ya jagi lenye alama za lita, nikauweka mrija mweusi kwenye ndoo, nikatazama saa kwa dakika 10. Jagi lilipata lita 1. Ndoo ilipata lita 9. Sisi tunatumia lita 20 hivi kwa siku kwa kunywa na kupika, maana yake pampu ya kisima ilikuwa ikitupandishia pipa zima la lita 200 ili tunywe ndoo moja.

Kumwaga kiasi fulani si hitilafu. Chumvi iliyokataliwa na utando lazima iondolewe na maji yanayopita, la sivyo itaganda juu yake kama ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika, na utando utaziba. Jirani yangu mmoja aliuminya mrija wake kwa waya wa kufungia nondo ili kubana matumizi, na baada ya muda mfupi alikuwa akinunua utando mpya. Ila kuna kumwaga kwa lazima na kuna kumwaga kwa uzembe. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira inasema mashine za kawaida za nyumbani humwaga lita 5 au zaidi kwa kila lita 1 inayochujwa, na nyingine hufika 10. Mwaka 2024 iliweka kigezo kwamba mashine itakayopewa alama yake ya kubana maji isizidi lita 2.3. Yetu ilikuwa inakaribia mkiani kabisa.

Fundi wa pili, kijana mtulivu ambaye nilimpata kwa kuulizia sokoni, aligundua mambo mawili. La kwanza ni kidude kidogo kisichozidi kidole, kinachokaa ndani ya mrija wa maji yanayomwagwa na kuyabana yasitoke kwa kasi. Kipimo chake kinatakiwa kilingane na ukubwa wa utando. Chetu kilikuwa cha utando mkubwa zaidi, hivyo maji yalipita mbio bila kukaa kwenye msukumo. La pili ndilo lililomwamsha shangazi. Tangi dogo likijaa, swichi huizima pampu, na hapo inatakiwa vali ya umeme ifunge njia ya maji yanayoingia. Vali hiyo haikuwa imewekwa kabisa. Kwa hiyo pampu ikizimika, au umeme ukikatika, maji ya simtanki yaliendelea kuteremka yenyewe, yakaupita utando bila kuchujwa hata tone, yakaishia shimoni usiku kucha. Alibadilisha kidude, akaweka vali, tukapima tena dakika 10: jagi lita 1.5, ndoo lita 4.5. Lita 3 kwa 1. Usiku, kimya.

Mume wangu alikuwa na hoja yake, kwamba maji ya kisima yakimwagwa shimoni yanarudi ardhini, basi hayajapotea. Ni hoja tamu kwa mtu asiyelipa umeme wa pampu. Isitoshe, hapa pwani maji baridi ya ardhini yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini yake. Kanuni inayojulikana kwa wataalamu wa maji ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta hadi ile ya juu ikashuka, maji ya bahari hupanda kwa kipimo hicho hicho. Visima vinavyovutwa sana pwani huzidi kuwa vya chumvi, na tunachomwaga shimoni hakirudi kikiwa kama kilivyotoka.

Maji ya mrija mweusi si machafu kama watu wanavyodhani. Yamepita vichujio vya mwanzo, yana chumvi iliyozidi kidogo tu. Yetu sasa ni miligramu 1,860 hivi kwa lita. Tunayakinga kwenye pipa la bluu nje ya dirisha la jikoni, tunadekia, tunavutia choo, tunasuuzia nguo mara ya kwanza ingawa sabuni haitoi povu la maana. Niliyajaribu kwenye mchicha nikajuta, kwani baada ya majuma mawili majani yaliungua kingo. Mnazi ulioko karibu na uzio hauna habari nayo.

Shangazi amesharudi Newala, jicho moja likiwa zuri na la pili likisubiri miadi. Katika wiki zote tano alikunywa maji ya mashine mara moja tu, akasema hayana ladha, ni kama kunywa hewa. Alichotaka ni yale ya mvua ya masika tuliyokuwa tumeyahifadhi kwenye madumu stoo, ambayo nilipoyapima kipimo kilisoma 18 na hayakuhitaji utando wowote, yalihitaji kuchemshwa tu. Fundi wa bati anakuja wiki ijayo kupima mgongo wa paa kwa ajili ya mifereji, na tumekwishanunua simtanki ya pili, ambayo itakaa chini, bila mnara.