Njia ya msituni tuliyoipima kwa fito tatu

Ukitaka kuchonga njia ya kutembelea msitu wa kijiji, jihadhari na mtu anayekuja na koti la mifuko mingi. Wa kwetu, huku Lushoto, alisimama barabarani bila hata kupanda, akanyoosha kidole kwenye jabali la juu na kusema, "Pandisheni moja kwa moja. Mgeni anataka kufika haraka." Tukamwambia mlima ni mkali na mvua zetu anazijua Mungu. Akacheka. Basi tukafyeka, tukachimba. Masika yalipokolea njia ikageuka korongo la kuzamisha mtu hadi magotini, na udongo mwekundu wote ukaenda kulala kwenye kabichi za watu bondeni. Wenye kabichi hawakumfuata yeye. Walinifuata mimi, katibu wa kamati ya maliasili.

Makaratasi hayakutusumbua: msitu ulishatengwa na mkutano mkuu wa kijiji, sheria ndogo zipo, na Sheria ya Misitu ya 2002 inaturuhusu kuusimamia wenyewe.

Kilichotuokoa ni fremu A, kipimo cha fito tatu cha kupimia mteremko. Wazee wa huku wanaijua tangu mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, miaka ya 1980, walipopimia makingamaji mashambani. Nikaenda kwa mmoja wao.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nimesikia mmechimbia maji barabara. Kata fito tatu, uje."

Mbili zilizo sawa unazifunga pamoja juu, ya tatu inakatiza katikati, miguu imeachana mita 2. Juu unaning'iniza kamba yenye jiwe. Isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa ufito wa kukatiza. Geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Sasa sikia utamu wenyewe: chini ya mguu mmoja nikafunga kipande cha mti cha sentimita 20, mguu huo ukawa unakanyaga upande wa chini siku zote. Kamba ikitulia kwenye usawa, ujue umepanda sentimita 20 kwa mita 2, wala huhitaji kuuliza mtu. Tukaenda hivyo hatua kwa hatua, vijana nyuma wakichomeka vigingi, njia ikapinda ilipotaka kupinda. Ikaipita kando hata miti miwili mikubwa ya mkulo ambayo mwenye koti alitaka tuiangushe. Mbega bado wanakaa humo. Leo mama mwenye mzigo wa kuni anapanda huku anapiga soga.

Uso wa njia uulaze kidogo upande wa bonde, maji yakatize na kwenda zake. Tusingefanya hivyo, fremu isingetusaidia kitu.

Na vibao vya bati, achana navyo! Vyetu tulivikuta kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, amevipanga vizuri kabisa. Tukamimina zege kwenye madumu yaliyokatwa, tukaandika kwa msumari kabla halijakauka. Hilo zito, halina mnunuzi.

Gharama? Laki tatu na kitu, nyingi ikiwa saruji na makande ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Mwenye koti alirudi juzi juzi na wageni wake. Akawaonyesha kona zetu moja moja, "hapa tulizingatia mteremko", mimi nimesimama pembeni. Nikawakatia wote stakabadhi ya kiingilio, na yeye nikamkatia ya kwake.