Pikipiki inalia lakini haipande

Wiki mbili pikipiki yangu ya zamani ilinitesa sana, napanda Munigi, karibu na Goma, na mzigo, nafungua gazi yote, injini inalia lakini tairi haiongeze mwendo na harufu ya kuungua inatoka, nikajua ambrayaji (klachi, ile inayounganisha nguvu ya injini na tairi) inateleza. Wengi wanakimbilia kununua disike mpya za ambrayaji, mimi nasema anza na kamba ya ambrayaji: ukiikaza sana ambrayaji haifunge vizuri, acha mkono wa ambrayaji kwenye usukani ucheze kidogo, kama milimita 10 ao 15 kwenye ncha. Kisha mafuta. Disike za pikipiki nyingi zinaoga ndani ya mafuta ya injini, na yangu walikuwa wameweka ya gari, ambayo mengine yako na dawa ya kutelezesha! Nilimwaga yote nikaweka ya pikipiki, ikapata nafuu lakini haikupona, basi tukafungua na makanika, disike zimeisha kabisa na springi zimekuwa fupi, tukabadilisha vyote.

Asubuhi ilikuwa inakataa kuwaka pia. Bujii (plagi ya kuwasha moto) nyeusi, filtre ya hewa imejaa vumbi ya mawe ya volkano, hii ya kwetu Goma inaingia kila mahali jamani. Nikasafisha, ikawaka kiki ya pili.