Akishiba, yamekwisha

Jumapili, tukizungumzia watoto waliotenganishwa na wazazi wakati wa Vita Kuu ya Pili, Shangazi alisema, “Mtoto mdogo hakumbuki kitu, mwanangu. Akishiba, yamekwisha.” Nikamjibu, “Hapana Shangazi, ndiyo kwanza yanaanza.” Akasema, “Haya, mwalimu,” akaendelea kumenya viazi. Mimi bado naisikia hiyo “Haya, mwalimu.”

Ni watoto wa Kiyahudi wa Amsterdam, Uholanzi, wale wa somo ninaloandaa. Mwaka 1942 Wanazi waligeuza ukumbi wa maigizo, Hollandsche Schouwburg, kuwa mahali pa kukusanyia Wayahudi kabla ya kuwasafirisha kwenye kambi. Watoto wadogo walivushwa barabara hadi kituo cha malezi cha Henriëtte Pimentel. Kumtorosha mtoto kulianzia kwenye makaratasi: Walter Süskind na Felix Halverstad, Wayahudi waliofanya kazi humo ukumbini, waliondoa jina lake kwenye kumbukumbu, kwani jina likibaki na mtoto hayupo, angetafutwa. Wazazi waliombwa ridhaa. Wapo waliokataa, na sithubutu kuwalaumu. Kisha mtoto alipitishwa uani hadi chuo cha ualimu cha jirani, kilichoongozwa na Johan van Hulst, au alitolewa mlango wa mbele tramu iliposimama na kumziba mlinzi. Wenye nywele nyeusi walipelekwa zaidi mkoa wa Limburg, kusini, wenye nywele za rangi ya dhahabu mkoa wa Friesland, kaskazini, wasije wakashtukiwa. Walipona watoto takriban 600. Pimentel aliuawa kwenye kambi ya Auschwitz mwaka 1943.

Baada ya vita, mtoto aliyemjua mama mmoja tu, yule aliyemficha, alidaiwa na ndugu asiowakumbuka, au alibaki akigombaniwa mbele ya tume ya serikali. Hans Keilson, daktari aliyeishi mafichoni yeye mwenyewe, aliwachunguza yatima 204 na kuchapisha matokeo mwaka 1979. Aliyeteseka sana wakati wa vita lakini akapokelewa vizuri baadaye, ukubwani alikuwa na nafuu kuliko aliyeteseka kidogo kisha akahangaishwa amani ilipokuja. Waliotenganishwa na mama kabla ya miezi 18 hawakuwa na picha yoyote kichwani, ila jeraha lilijengeka kwenye tabia yao.

Kadiri ninavyoandika, hasira inashuka. Keilson anampa Shangazi haki yake pia: anayempokea mtoto baadaye ana uzito kuliko nilivyomwonyesha Jumapili. Na yeye mwenyewe aliwapokea watoto wanne.