Moyo unaojua kupumzika

Mbale, Uganda, Jumapili jioni

Asubuhi hii mapigo yangu ya moyo yalikuwa 64 kwa dakika. Niliyahesabu nikiwa bado kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kabla ya chai na kabla ya simu. Zamani, kabla sijaanza kupanda barabara ya Wanale, kilima cha Mlima Elgon kilicho juu ya mji wetu, yalikuwa 72. Mapigo manane kwa dakika, kwa saa nane za usingizi, ni 3,840 ambayo moyo wangu haukulazimika kupiga. Hesabu hiyo inanifurahisha kuliko kilo nilizopungua.

Huku kwetu ukitaja mazoezi, watu huwaza jasho na moyo unaodunda hadi masikioni. Mimi naona faida kubwa iko upande wa pili, wakati moyo umetulia. Moyo ni msuli. Ukiuzoesha kazi kwa miezi, chumba chake cha kushoto hupanuka kidogo, hujaa vizuri na kukaza kwa nguvu, hivyo kila pigo linatoa damu nyingi kuliko awali. Mwili uliopumzika bado unataka damu ileile, kama lita 5 kwa dakika, kwa hiyo mapigo machache yanatosha. Neva zinazouambia moyo upunguze mwendo nazo husikika zaidi.

Ndiyo maana mkimbiaji wa masafa marefu anaweza kuwa na mapigo 40 na kitu akiwa ameketi, na akawa mzima kabisa. Mlima huuhuu wa Elgon, upande wa Kapchorwa, umetupa Joshua Cheptegei, aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 kule Valencia mwaka 2020, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mbio hizohizo Paris mwaka 2024. Sisi wengine hatudaiwi hayo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea haraka kwenda sokoni kumo.

Kipimo ninachokipenda ni cha baada ya kupanda. Nahesabu mara tu niliposimama, halafu tena dakika moja ikipita. Jana yalitoka 150 yakashuka hadi 124. Kushuka kwa zaidi ya 12 katika dakika hiyo ya kwanza ni dalili njema, na kadiri mtu anavyozoea mazoezi ndivyo yanavyoshuka upesi. (Maumivu ya kifua au kizunguzungu si mambo ya kuhesabu. Simama, nenda hospitali.)

Mama mdogo, ambaye ana presha, hutembea nami sehemu za tambarare. Kwake hesabu hizi hazifai, kwa sababu vidonge vyake ni vya aina inayouzuia moyo kwenda mbio. Hata akichoka sana, mapigo hayapandi kama ya wengine. Kwa hiyo namsikiliza.

“Mama, unaweza kuongea?”

“Naongea, mwanangu.”

“Na kuimba kaswida?”

“Hiyo hapana, pumzi haitoshi.”

Hapo ndipo panapofaa: maneno yanatoka, wimbo hautoki.

Wiki iliyopita nesi alimpima akapata 138 kwa 84. Alhamdulillahi. Mishipa inayopitisha damu kwa kasi mara kwa mara hujifunza kutanuka, na presha hushuka kidogo kidogo. Lakini furaha yangu ina hofu ndani yake. Nimeona wazee wakiona namba nzuri wanaacha dawa, na mwezi haujaisha wako wodini. Nimemsihi asipunguze hata kidonge kimoja bila daktari. Amekubali, ila anataka Jumamosi tutoke mara baada ya Alfajiri, maana jua likiwaka moyo hulazimika pia kupeleka damu kwenye ngozi ili kuupoza mwili, na kilima kilekile kinakuwa kazi zaidi.